Wikendi ya Diani kutoka Nairobi: kabla ukate tiketi, angalia mwezi wa angani

Nimeenda Diani, ile bichi ya kusini ya Mombasa, mara tatu sasa na nataka niandike hii kitu mapema kabla watu waanze kubuku za Disemba, juu mara mbili za kwanza nilirudi Nairobi nikiambia kila mtu enyewe ni pazuri lakini sio vile watu husema, na kumbe shida haikua Diani, shida ilikua mimi na vile nilichagua tarehe.

Mara ya kwanza tulienda wikendi ya mwezi mpevu bila kujua ata hilo neno lina maana gani kwa bahari. Jumamosi saa nne asubuhi tumejipaka mafuta, taulo mabegani, tunafika bichi tunapata bahari imeenda. Maji yako mbali huko karibu na miamba penye mawimbi yanavunjika, na hapa karibu ni majani ya baharini na vidimbwi vya kufika kwa goti. Tulizunguka zunguka tukapiga picha tukarudi kwa nyumba. Maji yalirudi saa kumi jioni, sisi tumeshaoga tumevaa tunatafuta chakula Ukunda, mji wa hapo karibu.

Kazini kuna dada mmoja Mdigo, kwao ni Msambweni, nilipomwambia hii story aliniuliza swali moja tu, mlikwenda bamvua au maji mafu? Nikamwambia tulienda Jumamosi. Akacheka sana akasema nyinyi watu wa bara mwahesabu Jumamosi, sisi twahesabu mwezi.

Sasa hii ndio alinieleza na nimeihakikisha mwenyewe kwa macho. Siku za karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, bahari inajaa sana na inakupwa sana, tofauti ya maji juu na chini inaweza pita mita 3, na kwa upande huu wa pwani wakati wa bamvua maji hukupwa saa nne saa tano hivi asubuhi alafu yanajaa saa kumi saa kumi na moja jioni. Mwezi ukiwa nusu ndio maji mafu, bahari haiendi mbali, na masaa yanageuka, kujaa kunakuja saa nne saa tano asubuhi. Alafu kila siku inasonga mbele kama dakika 50. Kwahivo kama unataka kuogelea mchana jua likiwa juu, tafuta wikendi ya siku mbili tatu baada ya mwezi nusu. Kama unataka kutembea juu ya mchanga hadi mbali ama kupelekwa na mashua kuona miamba na samaki, bamvua ni yako, lakini kuogelea kwako itakua jioni. Ratiba ya maji iko kwa mtandao, andika tu Mombasa na tarehe. Inachukua dakika moja na hakuna mtu wa Nairobi hufanya hivo.

Hii mara ya tatu tulichagua wikendi yenye maji yanajaa saa sita mchana Jumamosi, karibu saa saba Jumapili. Manze. Ni kama tulikua tumeenda mji mwingine. Maji ya rangi ile ya kijani na buluu yamekuja hadi kwa mizizi ya minazi, joto kama ya kuoga nyumbani, unaingia hatua kumi umefika kifuani, na mtoto wa rafiki yangu wa miaka sita alikataa kutoka hadi vidole vikakunjamana. Nilikaa kwa hayo maji nikawaza nilitumia pesa mara mbili kuja kuangalia mchanga.

Usafiri nitasema kwa urefu juu hapo ndio wikendi huharibikia. Treni ya SGR sikuhizi ni 1,500 ya kawaida na 4,500 ya fasti klasi, ilipanda kutoka 1,000 na 3,000 mwaka wa 2024 ukianza. Unakata kwa simu na *639# ama kwa tovuti yao, na usingoje wiki ya mwisho, shule zikifungwa ama Pasaka ikikaribia zinaisha zote. Iko ya saa tisa mchana inafika Miritini, stesheni ya Mombasa, saa tatu kasoro usiku, na iko ya saa nne usiku inafika alfajiri kama saa kumi hivi. Ile ya mchana ndio tamu kusafiria, unapita Tsavo jua likishuka na ukikaa macho unaweza ona ndovu wamejipaka udongo mwekundu, lakini lazima uombe ruhusa kazini Ijumaa kutoka saa sita. Sisi tulichukua ya usiku juu hatukutaka kuomba mtu ruhusa. Viti vya kawaida vinaangaliana na havilali nyuma, utalala shingo imepinda, beba leso ama sweta ukunje iwe mto. Taa pia hazizimwi, mwenye usingizi mwepesi ajue mapema.

Syokimau, penye unapandia hii treni, fika saa moja kabla, sio nusu saa. Mabegi yanapangwa chini kwa laini mbwa wanusishwe, alafu mashine, alafu tiketi, alafu mashine tena, na Ijumaa jioni Mombasa Road unaijua. Kama uko mjini kuna treni ndogo kutoka stesheni ya Nairobi inaungana na hii ya Mombasa, bei rahisi na haijui jam, angalia tu saa zake kama zinaoana na zako.

Miritini sasa. Zamani hapa ndio watu wa Diani walikua wanalia, unatoka stesheni unaenda hadi mjini Mombasa, unapanga laini ya feri Likoni, unavuka, unatafuta matatu ya Ukunda. Hio njia bado iko na ni ya bei ya chini, mwenye anatembea kwa miguu halipi feri na matatu ya Likoni Ukunda ni mia na kitu, na ukiwa na muda ningekuambia uvuke feri angalau mara moja, asubuhi watu wakishuka na baiskeli na mikokoteni na vikapu ni kitu cha kuona. Lakini tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguke yote unaenda moja kwa moja, Miritini, Mwache, daraja la Mteza lile refu lenye karibu kilomita moja na nusu, unatokea Kibundani kwa barabara ya Lunga Lunga na uko upande wa kusini tayari bila kuona feri. Tulikua watu wazima wanne na mtoto, teksi 3,500, tulikua tumeongea na dereva siku mbili mbele kwa simu na alikua amengoja. Saa kumi na moja na robo alfajiri tulikua Diani. Usishuke saa kumi usiku ndio uanze kutafuta gari hapo nje, utatajiwa bei ya mtu hana chaguo.

Nyumba. Hapa nina uchungu kidogo. Safari ya pili tulichukua nyumba tangazo likisema dakika mbili mpaka bichi, picha za bahari tatu nzuri. Tunafika, nyumba iko ng'ambo ya barabara, ndani huko, na Diani kitu lazima ujue ni kwamba ile barabara inakimbia sambamba na bahari na upande wote wa bahari ni mahoteli na kuta, njia za umma za kushuka bichi ni chache, kwahivo dakika mbili za mwewe ni dakika ishirini zako na jua kichwani. Alafu stima ni ya tokeni, tokeni iliisha usiku wa kwanza kiyoyozi kikiwa kimewashwa, mwenye nyumba akasema ni juu yetu, na maji ya bomba yana chumvi sabuni haitoi povu. Hakuna hata moja ya hayo ilikua imeandikwa.

Kwahivo hii mara nilipiga simu nikauliza maswali manne kabla nitume pesa. Nyumba iko upande upi wa barabara? Njia ya kushuka bichi ni ipi na iko umbali gani kwa miguu? Tokeni nani ananunua? Maji ya kuoga ni ya chumvi? Mama mwenye nyumba alijibu yote bila kukasirika, akasema iko ng'ambo lakini njia ya umma iko mbele ya geti, na tukatembea dakika sita tukapima. 5,500 kwa usiku, tulilipa na usiku wa Ijumaa ili tuingie alfajiri hio hio, na hapo usijaribu kuokoa, juu nyumba nyingi zinafunguliwa saa nane mchana na kukaa na mabegi kwa mlinzi masaa tisa bila kulala utachukia safari.

Verandani funga chakula. Tumbili watakuja, na kima, na mkate wenu utaenda juu ya mti mkiangalia. Usiwalishe ata kama ni wazuri, ndio wanazoea wanakua wasumbufu. Mbega ni tofauti, yule mweusi mwenye manyoya meupe mabegani kama joho, yeye anakula majani zaidi na hana haja na wewe. Ukipita barabarani angalia juu utaona ngazi za kamba zimevuka kutoka mti hadi mti, shirika la Colobus Conservation ndio waliziweka wasigongwe na magari wakivuka, na nilisimama dakika kumi nzima nikaona mmoja akivuka na mtoto tumboni. Madereva wa kutoka Nairobi tafadhali punguzeni mwendo pale.

Kula, nenda Ukunda. Sisemi mahoteli ni mabaya, nasema utamu uko barabarani. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi kwa mama mmoja karibu na steji, mahamri shilingi kumi, mbaazi hamsini, nazi ni ya kukunwa asubuhi hio unaisikia mdomoni. Jioni viazi karai na ukwaju, mishkaki, supu ya pweza kwa kikombe. Ukiwa Ukunda vaa kitu, dada zangu jifungeni leso juu ya nguo ya kuogelea na ndugu zangu vaeni shati, ni mji wa watu wanaoswali, sio bichi. Na salimia kwanza kabla uulize bei.

Usiku Diani haina haja ya kutetewa. Baa ya Forty Thieves tuliipata mchangani kabisa na muziki tuliusikia tukiwa bado njiani, na karibu hapo kulikua na Ali Barbour's, mkahawa ndani ya pango la matumbawe ambalo juu liko wazi unakula ukiona nyota. Bei ya huko ilikua ya siku ya kuposa mtu.

Wauzaji wa bichini watakufuata na ngamia, mashua, vishikizo vya funguo wanaandika jina lako kabla ukubali. Sema asante ndugu, sio leo, kwa upole, wanaelewa. Kitu moja tu iliniuma, kwa mashua mara ya kwanza walitutolea kiti cha pweza (starfish) majini kila mtu akapiga nacho picha kikapita mikono kumi juani. Kile ni kiumbe hai. Waambie mapema hamtaki, watakiacha. Na uvae viatu kwa miamba, kuna wale viumbe wa baharini wa miiba mieusi mirefu.

Jumapili asubuhi maji yakiwa yamekupwa tulitembea bichi kuelekea kaskazini hadi mwisho kwenye mto Mwachema unapoingia baharini, penye msikiti wa Kongo. Ni wa mawe ya matumbawe, paa la matao, wa karne nyingi, na bado unaswaliwa, mibuyu imeuzunguka. Hakukua na watu. Mzee aliyekua anafagia nje alituambia karibuni wanangu akaendelea kufagia.

Tulirudi na treni ya saa nne usiku Jumapili, juu ile ya saa tisa ingetunyima kuogelea kwa mwisho. Kila mtu mzima alitumia kama elfu kumi, treni kwenda na kurudi, teksi, nyumba, chakula, bila pombe. Jumatatu saa kumi alfajiri Syokimau, saa mbili nilikua kazini, na yule dada wa Msambweni alipita kwa meza yangu akauliza, haya, mlikwenda siku ya ngapi?