Mazoezi ya Ubongo kwa Kompyuta: Miezi Mitatu ya Mama Kituoni Mikocheni

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikimpeleka mama yangu, mwalimu mstaafu wa miaka 71, katika kituo kimoja cha Mikocheni, Dar es Salaam, kinachowapa wazee mazoezi ya ubongo kwa kompyuta, mara tatu kwa wiki, dakika 45 kila kipindi. Katika zoezi analolipenda zaidi, picha ya gari hutokea katikati ya kioo kwa muda mfupi mno huku alama nyingine ikijitokeza pembeni, naye hutakiwa kusema ameona nini na wapi. Mwanzoni alikosea karibu kila mara. Sasa hukosea mara chache, na hurudi nyumbani akiwa na furaha.

Funguo, hata hivyo, bado anazisahau. Utafiti wa ACTIVE kuhusu mazoezi ya ubongo, uliofanyika Marekani kwa watu 2,832 wenye miaka 65 na kuendelea, waliogawanywa katika makundi yaliyofunzwa uwezo tofauti, ulionyesha jambo hilohilo: kila kundi liliimarika katika uwezo liliofunzwa, si katika mwingine. Matokeo yake ya mwaka 2017 yalihusisha zoezi la kasi, linalofanana na hili la gari, na kupungua kwa hatari ya shida ya akili (dementia, ugonjwa unaopoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) katika miaka 10. Yanatia moyo, lakini hayampi mtu haki ya kuandika kwenye kipeperushi, kama kilivyofanya kituo hiki, kwamba mazoezi yanazuia ugonjwa huo. Mzee mwenye hofu ya kupoteza kumbukumbu huyaamini maneno hayo na kuyalipia kwa pensheni yake.

Ninachokisifu kwa moyo wote ni msimamizi kijana anayeketi na wazee, anayewaamkia shikamoo mmoja mmoja na kuwatafsiria maelekezo, kwa sababu programu yote ni ya Kiingereza, kasoro ambayo ingepaswa kurekebishwa kabla ya kumpokea mzee wa kwanza. Uchambuzi wa tafiti 52 uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta manufaa madogo kwa wazee waliofanya mazoezi kwa vikundi chini ya usimamizi, na haukuona manufaa kwa waliofanya peke yao nyumbani. Ndiyo maana tulikataa kifurushi cha nyumbani tulichoshawishiwa kununua, tukalipia tena vipindi vya kituoni, na siku zilizobaki mama anatembea na jirani yake hadi ufukweni.