Ultrasaundi ya rangi kwa kondo lililong'ang'ania: kipimo kizuri, mpimaji akikijua

Kwa mjamzito mwenye kovu la upasuaji, ambaye kondo la nyuma limekaa chini juu ya kovu hilo, hiki ndicho kipimo cha kukipa kipaumbele. Penye kovu, utando unaotenganisha kondo na msuli wa mfuko wa uzazi huwa hafifu au haupo kabisa. Basi vijimizizi vya kondo hushika msuli wenyewe (akreta), huzama ndani yake (inkreta), au huupenya mpaka nje, pengine hadi kwenye kibofu (perkreta).

Ubora wote uko mikononi mwa mpimaji. Kibofu kiwe na mkojo kiasi, mililita 200 hadi 300. Kikiwa kitupu, mpaka wake na mfuko wa uzazi hausomeki. Kifaa kisikandamizwe, maana mstari mweusi unaoonekana nyuma ya kondo lisilong'ang'ania hupotea, na picha ikadanganya kwamba limeng'ang'ania. Atafute vidimbwi vya damu visivyo na umbo ndani ya kondo, msuli wenye unene chini ya milimita 1, na mishipa inayovuka kuelekea kibofu. Hapo rangi ya Dopla (inayoonyesha damu inavyotembea kwenye mishipa) ndipo inapolipa gharama yake.

Kasoro ipo: kondo lililo ukuta wa nyuma huonekana kwa shida, na majibu safi hayaondoi hatari. Ripoti inayosema tu "kondo liko chini", bila neno juu ya kovu, irudishwe. Dalili zikionekana, upasuaji hupangwa kati ya wiki 34 na 36, kwenye hospitali yenye akiba ya damu, na kondo lisivutwe kwa mkono.