Nyanya za Ilula, Iringa: maji ya kitunguu saumu au mankozebu (dawa ya dukani ya ukungu) dhidi ya bakajani chelewa, ukungu unaokausha majani na kuozesha matunda?
Kwa gharama, saumu inashinda, hasa kama umeilima mwenyewe. Ila ina kazi: utwange, uchuje, upulizie siku hiyohiyo, maana nguvu yake hupotea upesi na mvua huiosha. Mankozebu nayo huoshwa, lakini hudumu zaidi kwenye jani. Zote mbili ni kinga tu: bakajani chelewa ikishaingia ndani ya mmea, hazitibu. Hapo ndipo wengi hulaumu dawa bure.

Bustani ya nyumbani wakati wa kiangazi, saumu yaweza kutosha. Mwenye ekari nzima masika, simshauri aitegemee peke yake. Apige mankozebu, avae glavu na barakoa, na asivune kabla ya siku zilizoandikwa kwenye lebo.