Balvenie DoubleWood ya miaka 12: karafuu niliyoikuta kwenye wiski

Nafanya kazi katika baa ya hoteli Mji Mkongwe, na hivi karibuni tulifungua chupa ya Balvenie DoubleWood ya miaka 12. Wengi hapa Visiwani hawanywi, na nawaheshimu. Haya nawaandikia wanaokunywa, hasa wale wanaoagiza wiski ghali kisha wanaizamisha kwenye barafu na soda.

Ni wiski nzuri, na mtu wa Unguja au Pemba ana pua ya kuielewa upesi kuliko wageni wengi ninaowahudumia. Sababu ni karafuu.

Mimi nimekulia Wete. Msimu ukifika, usiku nyumba nzima inakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo (vikonyo vyake) kule, na viganja vinanuka mpaka asubuhi hata ukinawa kwa sabuni. Harufu ile siikosei. Nilimimina toti moja kwenye glasi yenye mdomo mwembamba, nikaiacha itulie. Kwanza ikaja asali, ikafuata zabibu kavu, kisha vanila. Nikaizungusha glasi, nikanusa tena, na hapo ikatoka karafuu. Si ile mbichi ya mtini. Ni iliyoanikwa ikakauka vizuri, ikakaa kwenye gunia.

Wala hakuna aliyetia karafuu humo. Sheria za wiski ya Uskoti haziruhusu kuongeza viungo. Hizi zinazoitwa singo molti, kama hii Balvenie, hutengenezwa kwa kimea cha shayiri tupu katika kiwanda kimoja, kisha hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua 3. Harufu inatoka kwenye mti. Mbao za pipa zinapobabuliwa kwa moto huachia vanilini, ambayo ndiyo harufu ya vanila, pamoja na yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Yaani kile kinachopatikana kwenye mafuta ya kiwanda cha makonyo pale Wawi, Pemba, na ambacho madaktari wa meno hukitumia kutuliza maumivu, kimo pia kwenye mwaloni. Ndani ya glasi ni kidogo mno, hakitii ganzi ulimi, lakini pua iliyozoea inakidaka. Nilifurahi sana kulijua hili, na sasa kila mgeni anayekaa kaunta namweleza.

Balvenie hutengenezwa Dufftown, kule Speyside, Uskoti. Hii inakaa miaka 12 kwenye mapipa ya mwaloni wa Marekani yaliyokwisha kutumika kwa bourbon, yaani wiski ya Kimarekani, kisha inahamishiwa miezi 9 kwenye mapipa ya sheri, ile divai kali ya Hispania. Mapipa ya bourbon hayana uhaba, kwa sababu sheria ya Marekani inataka bourbon ilazwe kwenye pipa jipya. Utamu wa asali na vanila naona umetoka huko. Harufu ya zabibu na viungo imetoka kwenye mapipa ya sheri.

Sasa joto letu. Ukiinywa nje wakati wa kaskazi, pombe inapanda puani na kuchoma, huisikii harufu nyingine yoyote. Kaa penye kiyoyozi au subiri usiku. Tia maji matone machache, si zaidi ya kijiko cha chai, na utaona karafuu inajitokeza zaidi. Barafu inaua kila kitu. Anayetaka kitu baridi chenye soda aagize wiski ya bei nafuu, hatapoteza chochote.

Kasoro ninayo moja. Chupa yetu ina kilevi cha asilimia 40, na ladha yake inaondoka mdomoni mapema. Unaimeza, viungo vinakuja, na kabla hujavifuata vimeshapotea. Ingekuwa na asilimia 46 ningeipa alama zote. Bei nayo si ya kila wiki: toti moja hotelini inazidi mlo wa jioni pale Forodhani. Hata hivyo kwa anayeanza kuzijua wiski za namna hii, ndiyo ningemtilia ya kwanza, kabla ya zile zenye harufu kali ya moshi.

Msiinywe na halua. Nilijaribu halua ya kwetu Wete, na iliki ikaifunika karafuu yote. Korosho za kukaanga zenye chumvi kidogo zinatosha.