Ofisi ya safari Arusha iliyotusaidia kuamua kukansel kruzi kipindi cha korona, nawapa nyota 4

Nimechelewa sana kuandika hii. Naandika leo kwa sababu mdogo wangu ameshalipia meli ya utalii na amesikia kuna virusi huko anakokwenda, akanipigia anauliza dada nifanyeje, nikaona yaliyotupata sisi 2020 sijawahi kuyaweka mahali popote. Jina la ofisi siliweki. Ni ofisi ndogo Arusha mjini, si mbali na Clock Tower, wadada wawili na kaka mmoja wa kuchapisha tiketi.

Sisi tunakaa Moshi, Soweto. Binti yetu ni nesi Roma, na ndiye aliyetaka tusherehekee miaka 30 ya ndoa kwenye kruzi, siku 7, tunapandia Civitavecchia ile bandari ya karibu na Roma halafu Genoa, Marseille, Barcelona na kurudi. Kuondoka Jumamosi tarehe 21 Machi 2020. Meli peke yake kwa wawili ilikuwa euro 1,400, kwa hela yetu wakati ule milioni tatu na nusu na kidogo juu, baba Neema alitoa ya kahawa na mimi nikatoa ya vikoba, tukamaliza yote Januari. Viza nayo tuliomba katikati ya Februari wakati ada imetoka tu kupanda, tarehe 2 ile, kutoka euro 60 mpaka 80 kwa mtu, na hiyo ukishalipa hairudi.

Woga ulianza tarehe 30 Januari, meli moja kubwa ilizuiliwa hapo hapo Civitavecchia na watu kama 6,000 ndani, kisa abiria mmoja ana homa, vipimo vikatoka hana korona wakaachiwa. Binti akasema mama msiogope. Sawa, tukatulia. Halafu ikaja ile ya Japani, Diamond Princess, abiria mmoja alishuka Hong Kong tarehe 25 Januari akaja kupimwa akakutwa nayo, meli ilipofika Yokohama watu wakafungiwa vyumbani na kila siku idadi inapanda, mpaka mwisho wake walifika 712 kati ya watu 3,711. Mimi nilikuwa nafuatilia kila jioni kwenye taarifa ya habari kama mtu anayefuatilia msiba wa nyumbani kwake. Kufika tarehe 21 Februari Italia yenyewe ikaanza, kule Lombardia.

Nikapiga simu kwenye bima (hiyo niliikata kwingine, si kwa hawa) wakaniambia kuogopa si sababu, mpaka uumwe wewe au serikali izuie safari ndio wanalipa. Kila ndugu naye ana lake, huyu anasema nendeni Mungu yupo, huyu anasema mkienda mnarudi kwenye sanduku.

Jumatano tarehe 4 Machi tukapanda Coaster asubuhi kwenda Arusha, maana kwenye simu nilikuwa sielewi chochote. Hapa ndipo naipa ofisi hii sifa yake. Yule dada hakutuambia nendeni wala msiende. Alitoa ile karatasi ya masharti, Kiingereza kidogo kidogo kama ya dawa, akachukua penseli akazungushia duara mistari mitatu, akatusomea kwa Kiswahili taratibu. Mama, mkikansel wenyewe mpaka keshokutwa Ijumaa jioni mnapoteza nusu. Kuanzia Jumamosi mnapoteza robo tatu. Ikibaki wiki moja mnapoteza yote. Ila kampuni ikikansel yenyewe mnarudishiwa yote, kwa hiyo kuna watu wanasubiri wao ndio waanze, na hata nyie mnaweza kusubiri, sema siwezi kuwaahidi kwamba watakansel.

Akaweka penseli chini akamgeukia mume wangu. Baba, unatumia dawa yoyote? Akajibu za sukari na presha. Mtabeba za siku ngapi? Mimi nikajibu kwa haraka, wiki mbili, safari nzima na kukaa kwa binti ni siku 11 hivyo zinabaki. Dada akasema mama, ile meli ya Yokohama watu wamekaa ndani wiki mbili na wengine zaidi, na wenye dawa za kila siku zilianza kuwaishia wakawa wanaomba zitoke nchi kavu. Akafungua buking yetu kwenye kompyuta, akageuza kioo tuone, chumba cha ndani, hakina dirisha. Nilikichagua mimi kwa sababu kilikuwa rahisi na nilijua tutashinda juu tunaangalia bahari. Kule Yokohama wenye vyumba vya aina hiyo walikuwa wanatolewa juu kwa zamu kupunga hewa kidogo halafu wanarudishwa.

Na akatuambia kitu ambacho sikuwa nimekifikiria kabisa, kwamba siyo lazima mgonjwa awepo. Kuna meli nyingine mwezi huo huo wa Februari, Westerdam, ilizunguka baharini inakataliwa, Japani, Taiwan, Ufilipino, Guam, Thailand wote wakaikatalia bandari, ikaja kupokelewa Kambodia tarehe 13 Februari. Kwa hiyo swali akasema siyo tu mtaupata au hamtaupata, swali ni je, mkishikiliwa huko wiki mbili tatu, nyie wawili mnaweza? Hilo swali hakuna ndugu aliyetuuliza, wala bima, wala mimi mwenyewe sikujiuliza.

Tukarudi Moshi kimya. Usiku baba Neema akamwaga vidonge vyake mezani, vya sukari, akawa anavisogeza viwili viwili kwa kidole, asubuhi na jioni, asubuhi na jioni, anahesabu siku kwa sauti ya chini. Alipofika cha ishirini na nane meza ikawa tupu. Akakaa pale akiangalia kitambaa cha meza. Kisha akasema mama Neema, kesho piga simu.

Tukakansel Alhamisi tarehe 5.

Sasa mtu atauliza, mbona nyota 4 na nusu ya hela ilienda? Kesho yake tu Ijumaa baadhi ya kampuni za meli zikaanza kuruhusu watu waahirishe mpaka saa 48 kabla ya safari na kupewa vocha. Jumatatu tarehe 9 waziri mkuu wa Italia akatangaza kuifunga nchi nzima. Kufika tarehe 13 kampuni kubwa za meli zikawa zinasimamisha safari zao, na mimi ningesubiri ningerudishiwa kila senti. Nililia siku ile sifichi, milioni moja na laki nane ni hela, ni kahawa ya misimu mingapi. Kuna shemeji yangu mpaka leo anasema yule dada alitupotosha. Mimi nakataa. Tarehe 4 Machi alituwekea njia zote mezani na bei ya kila njia, hakutuficha hata ile ya kusubiri, tulichagua wenyewe kwa kuangalia vidonge na siyo kwa kuangalia hela. Na tarehe 16 mgonjwa wa kwanza wa Tanzania akatangazwa hapa hapa Arusha, ameshukia KIA siku moja kabla akitokea Ubelgiji, uwanja ule ule ambao sisi tungepita.

Hela yenyewe, dada aliandika barua pepe sijui ngapi kwa ajili yetu. Euro 700 ziliingia Agosti. Zile 700 nyingine alizipigania mpaka kampuni ikatoa vocha ya kutumia hadi mwisho wa 2021, bahati mbaya hatukusafiri ikafa. Nauli ya ndege tuliahirisha bila kulipa zaidi.

Nyota moja nimeitoa kwa haya. Ile karatasi ya masharti ilitakiwa tuione siku tunalipa, siyo siku tunakansel, hakuna aliyetuonyesha Desemba tulipoweka advansi na tungejua mapema pengine tungechagua tarehe nyingine au tungelipa kidogo kidogo. Halafu Aprili simu yao haikupokelewa zaidi ya wiki mbili, najua kila mtu alikuwa na hali ngumu na ofisi nyingi za utalii Arusha zilifungwa kabisa mwaka ule, lakini meseji moja tu ya kusema tupo tunafuatilia ingenilaza usingizi. Na ada yao ya huduma, laki na ishirini, hawakurudisha.

Mdogo wangu nimemwambia aende pale pale. Aende na orodha ya dawa za mume wake, aulize chumba chake ni cha ndani au kina dirisha, aombe ile karatasi na azungushiwe tarehe kwa penseli, na bima aikate kabla ugonjwa haujatangazwa kwenye nchi hiyo kwa sababu ukishatangazwa wengi wao wanakwambia ulikuwa unajua. Asikansel kwa kelele za ndugu wala asiende kwa kelele za ndugu.

Ofisi iko ghorofa ya pili na ngazi zake zimesimama sana. Mume wangu magoti yanamsumbua, siku tuliyorudi kusaini karatasi za vocha yule dada alishuka mwenyewe na faili na stuli ya plastiki, akamkalisha baba kwenye kivuli pale chini mlangoni, akasaini hapo hapo. Mwenye mzazi wa hivyo apige simu akiwa chini, wanashuka.