Kimashine cha kusoma kodi za gari (namba za hitilafu): kimenisaidia, ila nilishanunua pampu bure

Nianze na kosa langu. Kabla ya kununua kimashine hiki nilikuwa nimeshabadilisha pampu ya mafuta, na ile niliyoitoa ilikuwa nzima kabisa. Mpaka leo ipo stoo kwenye ndoo, nikiiona roho inaniuma.

Gari lilikuwa linapiga stata kwa nguvu lakini haliwaki. Siku nyingine linawaka na kutembea kutwa bila neno. Fundi aliinama karibu na tangi, akaniambia nipige stata, akatega sikio. "Pampu kimya, imekufa hii." Na kweli ilikuwa kimya. Tukafunga mpya. Siku ya tatu, yale yale.

Ndipo nikanunua hiki kidude. Ni kile kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, kinaongea na simu kwa Bluetooth. Magari ya Marekani yana mfumo huo kwa sheria tangu 1996, na ya petroli ya Ulaya tangu 2001. Kama lako ni la zamani zaidi ya hapo uliza kwanza, maana linaweza kuwa na soketi na bado lisielewane nacho.

Mara ya kwanza hakikuonyesha kodi hata moja. Nikaona nimeliwa tena. Lakini programu yake ina ukurasa wa vipimo vya papo hapo: joto, volti, mizunguko ya injini. Nikafungua mizunguko, mke wangu akapiga stata. Masikio yangu yanaisikia injini inazunguka, simu inasema 0. Stata ikiwa na nguvu unategemea kuona kama 200 hivi.

Hiyo sufuri ndiyo iliyonifungua macho. Kompyuta ya gari inajua kwamba injini inazunguka kwa kupewa habari na sensa ya krenkishafti, yaani kifaa kinachohisi mzunguko wa mhimili mkuu wa injini. Isipopata habari hiyo haitoi moto kwenye plagi wala haifungui nozeli za kupulizia petroli. Na pampu je? Ukifungua swichi inavuma sekunde 2 hivi, kisha kompyuta inaizima mpaka ione injini inazunguka. Wameiweka hivyo makusudi, ili injini ikizimika kwenye ajali petroli isiendelee kusukumwa. Kumbe pampu yangu ilinyamaza kwa sababu ilinyamazishwa! Fundi alisikia sawasawa, akahukumu vibaya.

Tulipopiga stata mara kadhaa zaidi, kodi ikaja: P0335. Hapa pana mtego. Kodi hiyo inataja saketi ya sensa ya krenkishafti, haisemi sensa imekufa, na saketi ni pamoja na waya. Mimi wa wiki iliyotangulia ningekimbilia dukani. Safari hii niliufuata waya wenyewe. Pale unapopita jirani na ekzosi, ganda lake lilikuwa limekauka, ukiligusa linamenyeka kama la karanga. Nikausogeza kwa kijiti huku stata inapigwa, macho kwenye simu: 0, 0, 190, 0, 210, na gari likashika. Nilikata kipande kibovu, nikaunga kingine kwa risasi, nikakivika mpira na kukifunga mbali na ekzosi. Halijasumbua tena.

Sasa lawama zangu. Betri ikiwa dhaifu, volti zinashuka wakati wa stata na Bluetooth inakatika, yaani kinakukimbia wakati ule ule unaokihitaji. Chaji betri kwanza. Namba zake zinachelewa kidogo, kwa hiyo stata ya sekunde moja haitoshi, pigeni kama tano halafu mpumzike. Kwenye gari langu hakisomi mgandamizo wa mafuta, na kama shida ni pampu kweli bado utahitaji geji. Taa ya kufuli la ufunguo (ule ulinzi unaozuia gari kuwaka kwa ufunguo usiotambuliwa) ikimweka, hiki hakina msaada wowote. Pia usikiache kimechomekwa gari likiwa limelala, kinanyonya betri polepole.

Nakipa nyota 4. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ile Bluetooth.