Kanda 11 za kaseti katika karakana ya Makoroboi

Karakana ninayoizungumzia imo katika chumba kimoja cha ghorofa ya kwanza jijini Mwanza, hatua chache kutoka Makoroboi, na kazi yake ni kuhamisha sauti zilizomo kwenye kanda za kaseti na kuziweka kwenye flashi ili zisikike katika simu na kompyuta. Haina kibao mlangoni. Mimi nilielekezwa na muuza redio aliye chini ya ngazi. Nilipeleka kanda 11, tisa za dakika 60 na mbili za dakika 90, nikalipa shilingi 5,000 kwa kila moja, na nikazipata zote baada ya wiki tatu. Kazi ni nzuri kuliko nilivyotarajia, isipokuwa kosa moja lililonitoa machozi, ambalo nitalieleza kwa kirefu kwa sababu mteja anaweza kulizuia kwa sentensi moja tu akilijua mapema.

Sokoni kanda hizo hazina thamani yoyote. Saba zina muziki wa dansi niliourekodi kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam nikiwa msichana, kidole kikiwa juu ya kitufe nikimsubiri mtangazaji amalize kusema, na ndimo alimo Mbaraka Mwinshehe, ambaye alikuwa amekwisha kufariki kwa ajali ya gari mwaka 1979 lakini kwetu kisiwani aliendelea kuimba kila jioni. Mbili zina kwaya ya kigango chetu. Zile mbili za dakika 90 ndizo hasa zilizonipandisha ngazi. Ndani yake marehemu baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi Ukerewe, anamsomea bibi riwaya ya Aniceti Kitereza inayowahusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka.

Kitereza, ambaye ni mtu wa kwetu Ukerewe, aliiandika riwaya hiyo kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945, akakaa miongo kadhaa bila mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na hatimaye ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Bibi yangu hakukisikia Kiswahili sawasawa. Kwa hiyo baba alisoma sentensi moja au mbili, akatua, akazirudisha katika Kikerewe kwa maneno yake mwenyewe, bila kuwahi kuuona mswada wa kwanza, na bibi alipoona neno halikukaa mahali pake alimsahihisha papo hapo. Hadithi iliyotoka katika Kikerewe ikaingia katika Kiswahili ilikuwa inarudi nyumbani kila usiku, sentensi kwa sentensi, nami ndiye niliyekabidhiwa redio kaseti na amri ya kutokohoa. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo na nimeandika mashairi kwa zaidi ya miaka 30, lakini mahali nilipojifunza kwamba sentensi ina pumzi, na kwamba msikilizaji huijaza ile pumzi kwa jambo lake mwenyewe, ni pale.

Sasa nirudi karakanani. Jambo la kwanza lililonipa imani ni kwamba fundi, kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu, hakuiweka kanda yoyote kwenye deki, ile mashine yake ya kuchezea kaseti, siku ile. Aliniamkia, akanipa kiti, akazifungua kanda moja moja na kuzitazama kwa kurunzi ndogo. Mbili zilikuwa na unga mweupe pembezoni mwa utepe, ambao alisema ni ukungu unaotokana na unyevu, na yeyote aliyehifadhi vitu miaka mingi karibu na ziwa anaujua unyevu huo. Katika kanda ya pili ya baba, kile kipande kidogo cha sufi kinachouegemeza utepe kwenye hedi, yaani kichwa kinachosoma sauti iliyomo kwenye utepe, kilikuwa kimebanduka. Bila kipande hicho sauti hufifia na kurudi, kufifia na kurudi, na mtu hudhani utepe wenyewe umekufa. Alichukua kingine kutoka kwenye kanda mbovu aliyokuwa nayo akakipachika mbele ya macho yangu.

“Mwalimu, hii usiwahi kuirudisha nyuma kwa redio,” aliniambia. “Ya dakika tisini utepe wake ni mwembamba, redio itautafuna. Izungushe kwa kalamu.”

Alisema kweli. Utepe wa kaseti una upana usiofika milimita 4 na hupita mbele ya hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, na ili dakika 90 zienee katika ganda lilelile, utepe hauna budi kuwa mwembamba kuliko ule wa dakika 60. Kutokana na mwendo huo pia, kazi hii haina njia ya mkato kwa fundi anayejali: saa 12 za sauti ni saa 12 za kuketi na kusikiliza. Nilikaa naye asubuhi mbili nzima. Kabla ya kila kanda alisafisha hedi na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba iliyolowa spiriti, kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa fundi mwingine: kwa bisibisi nyembamba aligeuza skrubu iliyo kando ya hedi, polepole, huku kanda inacheza, akisikiliza hadi herufi “s” na “sh” zilipokata sawasawa. Alinieleza kwamba redio yetu ya zamani ilirekodi hedi yake ikiwa imeinama kidogo, na deki yake haina budi kuinama vilevile. Baba alikuwa anasema “mashashi”, na ghafla nikamsikia akiwa karibu kuliko siku aliyolisema neno hilo.

Kosa lilitokea nilipokuwa sipo. Kwa nia njema kabisa, fundi alizipitisha zile kanda mbili katika programu ya kuondoa mvumo, akaondoa ule mchakacho unaokuwamo katika kila kaseti, na pamoja nao akaondoa kila kitu kilichokuwa chini yake. Nilipofungua faili nyumbani, nilimsikia baba akisoma ndani ya pipa. Nyenje hawakuwapo, wala mawimbi yaliyokuwa yakipiga mawe nyuma ya nyumba, wala pumzi ya bibi kabla ya kusahihisha neno. Palipokuwa na mtuo pakawa na kimya kitupu cha kompyuta. Nilifika katika sehemu ambayo Myombekere anakwenda ukweni kuomba arudishiwe mkewe, mahali ambapo bibi alikuwa akicheka chinichini kila mara, na kicheko kilikuwa kimekatwa nusu. Nililia.

Nilirudi siku ya pili yake nikamweleza. Hakubishana. Alinitaka radhi, akaniomba tusikilize pamoja nakala mbili, aliyoisafisha na ile ghafi ambayo alikuwa bado anayo kwenye kompyuta yake, kisha akakaa kimya kidogo na kusema, “Nilifikiri unataka sauti ya mzee peke yake.” Tangu hapo, kwa alivyonieleza, humuuliza kila mteja. Hata hivyo nawasihi wenzangu mseme wenyewe bila kungoja kuulizwa: ombeni nakala ghafi, isiyoguswa, katika WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, na hiyo ndiyo muihifadhi, kisha mkitaka nyingine iliyosafishwa kwa ajili ya simu, iwe ya pili. Nakala ghafi ya sampuli 44,100 kwa sekunde huchukua takriban MB 10 kwa dakika moja, kwa hiyo kanda zangu zote zimekula zaidi kidogo ya GB 7 na zimeenea katika flashi ya GB 16 bila taabu. Ile ya MP3, iliyobanwa, ni nyepesi mara kumi, lakini wembamba wake unasikika katika magitaa ya Mbaraka, hasa solo inapopanda.

Yapo mapungufu madogo. Umeme ulipokatika, deki ilisimama na upande mzima ukaanzwa upya, jambo lililoongeza siku mbili. Faili zilikuja na namba tupu badala ya majina, nami ilinibidi nizisikilize zote ili nijue ipi ni ipi, ingawa sikulijutia hilo. Risiti hakuna, andikeni majina yenu juu ya kila kanda kwa kalamu ya wino mzito na mpige picha kabla ya kuziacha. Bei naiona ya haki kabisa kwa mtu anayeketi na kazi yako dakika kwa dakika.

Siku hizi naandika nikiwa na kanda ya pili masikioni, kwa sauti ya chini, Kikerewe na Kiswahili vikipokezana. Nimegundua kwamba kwa miaka yote nilikuwa nakumbuka vibaya: nilidhani baba ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, kumbe mara nyingi ni bibi, na baba hulirudia neno lake kwa unyenyekevu kabla ya kufungua ukurasa unaofuata. Shairi moja nililokuwa nimelifunga tangu mwaka juzi nimelifungua tena kwa sababu hiyo.

Karakana hufunguliwa saa tatu asubuhi, na Jumapili haifanyi kazi. Dada yangu aliyeko Nansio amenipigia simu kwamba ameiona kanda nyingine katika sanduku la bibi, ganda limepasuka na utepe umetoka nje. Nimemwambia asiuguse, aufunge kwenye kitambaa kikavu na kumkabidhi mtu anayevuka na meli ya Ijumaa.